Kitufe Kinachongoja

Mkono wa kushoto umelala juu ya meza
kama mgeni aliyesinzia kabla ya chakula kuletwa.
Simwamshi. Kiharusi kilimpitia mwezi wa nne,
alfajiri, nikifunga vifungo vya blauzi,
na tangu siku hiyo mimi, niliyekuwa nikichapa viapo
kasi kuliko watu walivyoweza kudanganya,
nachapa kwa mkono mmoja, Barabara ya Duruma, ghorofa ya pili,
juu ya duka la vipuri vya pampu.

Wanaokuja kwangu huja na karatasi zilizokunjwa mara nane:
mirathi, talaka, kitambulisho kilichopotea,
*mimi niliyetajwa hapo juu naapa na kusema*.
Kuapa hakuhitaji mikono miwili.
Herufi kubwa ndiyo inayoihitaji.
Shifti ya kulia iling'oka zamani, limebaki shimo;
ya kushoto iko kule, P iko huku,
na kati yake pana safari inayodai mkono wa pili.

Kwa hiyo niliandika hivyo hivyo.
Siku ya tatu akaja kijana mmoja, Lidede,
akaisoma hati yake mlangoni, akarudi.
"Mama, hapa umemwandika mama yangu
perpetua muhonja.
Kama ndoo. Kama sufuria."
Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Najua, kipo kile cha kufungia herufi zote ziwe kubwa.
Nilikijaribu. Nikasahau kukizima,
NA KIAPO CHOTE KIKATOKA KINAPIGA KELELE
kama mtu anayeapa asichokiamini.

Basi nikakaa. Kerubo, anayejifunza kazi kwangu,
alikuwa ameenda kutoa nakala.
Nikaipiga Shifti kwa kidole cha shahada, kwa hasira tu,
moja, mbili, tatu, nne,
tano,
ule mlio ukalia.

Nyote mnaujua. Tii! na kisanduku katikati ya kioo
kikiuliza jambo kwa Kiingereza cha mashine.
Miaka kumi na mmoja nimekijibu Hapana
bila kukisoma, kama unavyomfungia mlango
mchuuzi wa vyandarua.
Kerubo aliporudi mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kipanya.
"Acha," nikasema. "Acha kwanza kiongee."

Kilikuwa kinauliza kama ningependa vitufe vingojane.
Ubonyeze kimoja, ukiachie,
nacho kikae kikikungoja, ufike kwa mwendo wako.
Ndilo swali lote.
Miaka kumi na mmoja.

Nikabonyeza Shifti. Nikainua mkono.
Hakuna kilichokimbia.
Nikavuka kicharazio taratibu, hata nikachungulia nje
(kule chini mtu alikuwa akijaribu pampu, maji yakamrukia)
nikaigusa P.
Ikasimama wima.
Nikarudi, nikangojewa tena, nikaigusa M.

Perpetua Muhonja.

Lidede alilipa shilingi hamsini, hakusema asante;
alipitisha tu kidole juu ya jina, karatasi ingali moto.

Sijui ni nani aliyeliweka swali hilo humo ndani.
Hanijui. Hajui Duruma ni wapi.
Lakini kuna siku alikaa mahali akaufikiria mkono mmoja,
akauacha mlango bila komeo,
nasi tukaona ni usumbufu.

Jioni, nyuma ya ubao unaotutenga na wachapa kadi za harusi,
nasikia: tii!
Kimya kidogo.
Halafu kipanya, tk.
Hapana.